Mia Tatu

Jumapili, saa nne usiku, Kondele.
Tokeni za stima zimebaki yuniti sita na nusu,
feni ya kompyuta inakohoa vumbi la barabara ya Kakamega,
nami nina nyuso elfu moja mia moja na kumi na tatu
za wanachama wa Sako ya Mafundi, Kibuye:
maseremala, washona viatu, wachomelea vyuma,
wote nimewapiga picha mwenyewe mbele ya shuka la samawati,
wote wanene kwa megabaiti,
na Sako inataka kila uso upana wa pikseli mia tatu,
usizidi hapo, kesho saa mbili asubuhi.

Kwa mkono ningefungua mmoja mmoja,
buruta, bana, hifadhi, funga,
buruta, bana, hifadhi, funga,
mpaka jogoo wa Mama Nyagol anikemee.
Lakini Owuoth, mpwa wangu aliyesomea Maseno,
alinionyesha uani mwa mashine:
skrini nyeusi isiyo na picha hata moja
na alama ndogo inayopepesa
kama mtu aliyekuuliza swali kisha akanyamaza.

Huko hubembelezi. Unaagiza.
Kwa kila faili ndani ya folda, fanya;
na mwisho wa mstari, kwisha.
Majina huandiki. Unaweka kinyota kimoja,
na ndani ya kinyota wamo Obambo, na Nekesa, na Wabomba,
na Zablon Ochola wa baiskeli,
wote wameitwa kwa mpigo, hakuna aliyeachwa mlangoni.

Nikabonyeza.
Majina yakateremka kama mtama unaomwagwa kwenye ungo.
Chai yangu bado ilitoa mvuke
mstari wa mwisho uliposimama. Dakika nne!
Nikacheka peke yangu. Nikajiita bwana mkubwa.
Picha zilikuwa nyepesi, ungezipuliza zikaruka.

Ila sikuwa nimesoma nusu ya pili ya ujumbe wa Owuoth,
ile ya herufi kubwa:
TENGENEZA FOLDA NYINGINE KWANZA.
Amri ile haitoi nakala.
Huikalia picha ya asili, ikaimeza.

Nilijua wiki ya tatu, siku ya Alhamisi,
Pilista Awuor alipoingia bila kubisha.
Zablon ameanguka Jumanne, spana mkononi.
Mumewe hakupenda kamera; ile ya Sako
ndiyo pekee ambayo hakukunja uso.
Anaitaka ya fremu ya dhahabu, mbele ya jeneza,
na nyingine ya fulana sitini.
“Kubwa hivi,” akatandaza mikono
kama anayepima pazia.

Nikaifungua. Mia tatu.
Nikaivuta. Shavu likawa ngazi,
jicho likawa matofali manne.
Nikaivuta tena, mashine ikanijazia kwa kubahatisha:
ngozi laini ya mtu asiyewahi kushika grisi,
na kovu la kwenye nyusi,
lile la spoku iliyoruka mwaka wa mafuriko,
likafutika kabisa.

Nikampigia Owuoth. Akanyamaza
kama ile alama.

Nikamweleza mama ukweli. Hakulia, hakunitukana.
Aliuliza tu:
“Sasa vile vipande vyake vingine vilikwenda wapi?”
Miaka kumi na tisa ya studio, na sikuwa na jibu.

Tukaichapa ndogo, sawa na kiganja,
pale ambapo bado alikuwa Zablon,
tukaiweka katikati ya fremu kubwa ya dhahabu,
pembeni karatasi nyeupe tupu.
Fulana hatukuzifanya. Pesa zilinunua sukari.

Jumamosi, Nyahera, jua la saa sita.
Kwa mbali ungedhani fremu haina kitu.
Ilibidi watu wasogee.
Walipita mmoja mmoja,
akainama huyu, akainama yule,
mafundi wa Kibuye wakivua kofia, wakikaza macho,
kila mtu akilitafuta kovu.
Nilianza kuwahesabu, nikaacha.